Mbwa Tiyeni na Gazon ya Mayi Chikondi

Nani kati yenu anaweza kuniambia: mbwa dume na mbwa jike, ni nani anaharibishaka gazon zaidi?

Munacheka. Mwingine huko nyuma anasema dume, juu iko na fujo. Hapana, baba. Ni jike. Dume anainua muguu, anapiga ku muti, ku ukuta, ku tairi ya gari, matone kidogo kidogo, anaenda zake. Jike anachutama katikati ya majani, anamwanga yote fasi moja, pahali pamoja. Kiisha siku kidogo unaona pale duara ya manjano, sawa sahani. Na kandokando ya ile sahani majani inakuwa kijani sana, kupita ingine yote. Ukiona ile kijani ya kandokando usifikirie ugonjwa, usifikirie badudu. Ni mbwa. Mikojo yake ni sawa mbolea: kidogo inalisha, mingi inaunguza.

Mi koko yenu, bibi yenu, sikusomaka. Nilifika ku darasa ya pili kule Fizi, Congo, kiisha mama akazaa bapacha na masomo ikaishia pale. Lakini gazon ninaijua. Nilitunzaka gazon kule Lilongwe mpaka magoti ikakataa, na juu munatafutaka kazi ya bustani kule mu mji, muikale nibaambie. Usiangalie telefone, we mama. Itakungoja.

Gazon ni yale majani mafupi bantu ba uwezo banapandaka mbele ya nyumba. Haiko ya mbuzi, haiko ya kuezeka. Ni ya kuangalia tu. Mi pia siku ya kwanza sikuelewaka. Kwetu, na hata hapa Dzaleka mu kambi, lupango, ule uwanja wa nyumba, ya mama mwenye akili iko wazi. Unaamuka, unafagia, alama ya ufagio inabakia mu bulongo, mugeni akipita anasema humu muko bantu. Majani ikifika ku mulango, ile ni nyumba ya nyoka. Sasa siku ya kwanza bosi wangu, Mayi Chikondi, mayi ni mama ku luga ya hapa, anatoka kwenda ku soko, ananiambia ku Chichewa nisafishe mbele ya nyumba. Maneno nilisikia muzuri sana. Nikachukua jembe, nikasafisha.

Akarudia, akakuta fasi ya mukeka muzima haina jani hata moja, nimeisha kuifagia, inang'aa. Na mi niko nasimama pale nangoja anishukuru.

Akaweka kikapo chini. Akaangalia mi, akaangalia ile fasi. Akaniuliza pole pole, «Mama Furaha, majani yangu iko wapi?»

Nikamuonesha. Nilikuwa niliitupa nyuma ya jiko.

Njo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaikala ku ngazi, akavua kitambaa ya kichwa, akajipanguza nayo macho. Bambo Saizi, ule muzee alikuwa anafanya bustani ya nyumba ya jirani, akachungulia juu ya ukuta aone nani amekufa. Kiisha akaniambia, «Ule mama tangu azike bwana yake, njo leo namusikia anacheka.» Njo vile nilipata kazi. Bengine banapata juu ya barua ya pasteur, mi nilipata juu ya kung'oa.

Ule Mayi Chikondi alikuwa muntu ya upole. Batoto bake bote bakubwa, moja Blantyre, moja Afrika ya Kusini, banapiga telefone siku ya yenga, siku ya kanisa. Mu ile nyumba alibakia yeye na mbwa. Jina ya mbwa ni Tiyeni. Ku Chichewa maana yake «twende», juu marehemu bwana yake kila magaribi alikuwa anasema tiyeni, na mbwa anasimama, banaenda kutembea bote wawili. Sasa hata kama bwana alikufa, mutu yeyote akisema tiyeni, mbwa anakimbia ku geti. Pasteur alikuya siku moja kuombea nyumba, akafunga macho, akasema, «Tiyeni tipemphere,» tuombe. Mbwa akasimama mbele yake na mukia inapiga piga ku suruali yake, mpaka amina. Ule pasteur alifupisha sala.

Sasa musikie shida. Mbwa hakukuwa anatembeshwa tena. Mayi Chikondi alikuwa na muguu wa kuvimba. Mbwa asubui anafunguliwa mulango ya mbele, anashuka ngazi, hatua kidogo, anachutama. Pale pale. Kila siku. Na muchana anakimbia kandokando ya ukuta kubwekea bakabaza, bale banabeba bantu ku baiskeli, anaenda anarudia, anaenda anarudia. Gazon ikawa madoa madoa, na kandokando ya ukuta ikawa barabara ya bulongo.

Nyumba ilikuwa ya kupanga. Mwenyi nyumba akakuya, muntu murefu, anatembea na mikono nyuma sawa inspecteur. Akazunguka. Akaangalia doa moja moja mpaka ya mwisho. Kiisha akaambia Mayi Chikondi, «Hii nyumba niliwapa na gazon. Mvua ikianguka na ikashika nitarudia. Nikikuta iko hivi, mbwa atoke ao nyinyi mutoke.»

Akaenda. Mayi Chikondi akaingia mu nyumba, akaikala ku kiti pembeni ya kile kiti ya bwana yake. Mbwa akakuya akalala chini ya kile kiti chenye haina mutu. Nikamuletea chai. Akasema, «Kwa mutoto wangu mukubwa Blantyre banakaa ku ghorofa, mbwa habakubali. Nitamupeleka wapi?» Nilijua tu hii: mbwa akienda, ule mama atabakia anaongea na ukuta.

Bon. Nikaanza kazi. Na nikaanza na makosa, juu mi ni mutu wa Fizi. Kwetu mutoto akikojoa mu nyumba, unafanya nini? Unamwanga majivu, unangoja inyonye, unafagia, imeisha. Si njo vile? Sasa mi nikabeba majivu yote ya jiko, nikajaza ku kila doa. Ku bulongo ya nyumba majivu ni dawa. Ku gazon ile, manjano ikageuka kahawia, na kahawia ikakuwa kubwa. Ikawa sawa mutu alipikia arusi pale, chungu kwa chungu.

Bambo Saizi akachungulia tena. Ule muzee alikuwa mutu wa Madisi, anaishi Kauma, anakuyaka na kinga yake, baiskeli, kichwa yake nyeupe, mudomo yake haina breki. «Inu a ku Congo,» nyinyi ba Congo, «juzi ulilima mbele ya nyumba. Leo umeipika. Kesho utaifanyia nini, utaikaanga?»

Nikamuambia, «Achimwene, kaka yangu, kama uko na akili shuka ku ule ukuta uniletee. Kama uko na mudomo tu, kaa nayo kule.»

Akazunguka akaingia ku geti. Njo akanifundisha, na mi ninabafundisha. Mikojo ya mbwa ni kali. Dawa yake ya kwanza ni mayi, maji ya ndoo, na ni mayi ya hapo hapo. Mbwa anachutama, we uko na ndoo karibu. Anaondoka, unamwanga. Haiko kikombe, ni ndoo, pole pole, ishuke chini ya mizizi iende mbali. Ukifika kiisha saa kidogo tu bado unaokoa. Ukifika kesho yake unanawisha maiti.

Na musisikie bantu. Kila mutu iko na dawa ya mbwa. Moja alituambia tumupe tomate. Mwingine siki mu mayi ya kunywa, mwingine chumvi. Usimupe mbwa bile bintu, utamuharibia tumbo na gazon itabakia vile vile. Unataka mikojo isiwe kali? Mupe mayi safi ya kunywa, mingi. Basi. Na kuko mwingine, muntu muzima na koti yake, alisema tumushike tumusukume pua ku mikojo ndio ajue. Ukimufanyia vile anajua kintu kimoja tu: kwamba we uko mubaya. Kesho atajificha nyuma ya maua akojoe kule, na utaishi kutafuta.

Sasa kutengeneza fasi yenye imeisha kufa. Unapitisha rato, ile reki ya meno, unatoa majani yote ya kufa, usionee huruma. Unamwanga mayi mingi, unangoja inyonye, unamwanga tena, juu ile ukali iko ndani ya bulongo. Mi juu ya majivu yangu nilikwangua hata bulongo ya juu, nikaitupa mbali. Kiisha unaleta bulongo mupya, unachanganya na manyowa, mbolea ya ng'ombe, lakini ya zamani, yenye imekuwa nyeusi na hainuke. Ya mupya itaunguza sawa ile mikojo. Unasawazisha na mukono ilingane na kandokando, juu ukiacha shimo mayi itaikala pale na utapata ziwa ya mbu.

Halafu kapinga. Ni yale majani inatambaa, munaijua, mu shamba ya mahindi ni adui, inakuchosha mugongo. Ku gazon njo rafiki. Bambo Saizi alinipeleka ku mufereji nyuma ya ukuta wake, tukakata kamba kamba zake. Angalia kamba iko na vifundo. Kila kipande kiwe na vifundo mbili ao tatu. Unalaza ku bulongo, unafunika kidogo, kifundo moja ibakie nje ipumue, unakanyaga na muguu, polepole, sawa unabembeleza. Mayi asubui. Juu yake unaweka matawi ya miiba, mbwa asiikale pale, juu bulongo mupya ni baridi na mbwa anapendaka kulala mu baridi.

Wakati ile mayi ya robine, ya bomba, ilikuwa inakatika kila siku. Ni ile jua ya kabla ya mvua, munaijua, hata mbuzi anatafuta kivuli ya mbuzi mwenzake. Nilikuwa nachunga mayi ya kusuuza nguo, ile ya mwisho yenye haina tena sabuni, njo nanywesha kapinga. Mayi Chikondi akaanza kusuuza nguo yake mara mingi, nguo safi, ndio nipate mayi. Nilimuona. Nikajaza ndoo.

Madoa ikaanza kupona. Lakini mbwa alikuwa anapiga doa ingine. Mi naponyesha huku, yeye anaunguza kule. Natembea nyuma yake na ndoo sawa mutumishi wa malkia. Njo nikaona ndoo peke yake haitoshe.

Sasa ile juma mosi nikarudia hapa Dzaleka kuona batoto. Niliikala pa mulango, nasonga nsima, ugali ya hapa, macho iko inje. Mbwa ya jirani inakuya, inanusa kisiki pale kwa fundi cherehani, inakojoa, inaenda. Kiisha ingine inakuya, inanusa pale pale, inakojoa. Ingine tena. Kila mbwa ya kambi inaheshimu kile kisiki sawa bureau ya serikali. Na lupango zetu zote bulongo tupu, nani alishalalamika hapa juu ya mikojo ya mbwa? Hakuna. Nikaacha mwiko mu sufuria. Nikasema, tatizo haiko mbwa. Tatizo ni hatukumupa fasi yake. Tulimupa gazon tu, akatumia gazon.

Siku ya kwanza ya juma nikashika jembe. Nyuma ya jiko, ku pembe, karibu ya muti wa mapera, nikang'oa majani yote. Mayi Chikondi akasikia jembe, akatoka mbio na muguu wake ule wa kuvimba.

«Mama Furaha, unang'oa tena?»

«Nang'oa tena, mayi. Ile ya kwanza nilikosea fasi tu.»

Nikaifanya sawa lupango ya kwetu. Bulongo tupu, muchanga kidogo juu, kisiki katikati. Nikaenda ku doa mupya ya gazon, nikachota bulongo yenye imelowa mikojo yake mwenyewe, nikaipeleka pale, ndio anuse ajue ni kwake. Asubui sikufungula tena mulango ya mbele. Nilimufunga kamba, nikamutolea ku mulango ya jiko, moja kwa moja ku pembe. Akanusa. Akaniangalia. Akaikala.

Batoto, hapa njo bengi banashindwaka. Usimuvute, usimupigie kelele, usiondoke. Ngoja. Mi niliimba cantique yangu ya kanisa, nikaimba mpaka beti zikaisha, nikaanza upya. Bambo Saizi ku ukuta anauliza, «Leo ni misa ya mbwa?» Nikaendelea kuimba. Mwisho Tiyeni akazunguka, akazunguka, akachutama. Pale pale nikamusifu sawa mutoto amefaulu examen, nikamupa ukoko ya nsima. Usingoje mpaka murudie mu nyumba, hapo ameisha sahau anasifiwa juu ya nini. Pale pale, wakati anasimama.

Kesho yake, vile vile. Siku zenye alikosea nilibeba ndoo tu. Mwishowe nilikuwa nafungula mulango tu na anaenda mwenyewe, anarudia kuomba ukoko.

Ile barabara ya kandokando ya ukuta nayo, nilipanda kapinga, akakanyaga. Nikapanda tena, akakanyaga. Mbwa iko na kazi yake ya kubweka, utamukatalia kazi? Nikaacha kubishana. Nikapanga matofali ya kuvunjika ku mupaka, ndani ya mupaka nikamwanga changarawe, ikawa njia. Mayi Chikondi akasema, «Umejengea mbwa musewu, barabara yake, na sisi bantu ku mutaa wetu hatuna.» Na jioni, muguu ukipoa, tukaanza kumutembesha, mi nashika kamba, yeye anashika mukono wangu. Mbwa mwenye ametembea hachimbe mashimo. Mbwa mwenye amekaa bila kazi atakuchimbia mpaka Zambia.

Mvua ikakuya, ikashika. Kapinga mu mvua ni sawa habari mu kambi, inatambaa bila kuulizwa. Lakini ilibakia doa moja, ile ya karibu ya ngazi, yenye nilikuwa niliipika zaidi na majivu. Ilikuwa imefunika nusu. Na mwenyi nyumba hakungoja nusu ingine. Asubui moja geti inagongwa.

Alizunguka na mikono nyuma. Mi nashika ufagio, sifagie kintu. Mayi Chikondi iko ku ngazi, nguo yake ya kanisa, na haikukuwa siku ya kanisa. Mwenyi nyumba akasimama juu ya ile nusu doa. Akaangalia chini sana. Na hapo mbwa akatoka mu nyumba. Asubui, bado hajakojoa, juu mugeni alitukuta mapema. Akashuka ngazi. Akapita pembeni ya kiatu ya mwenyi nyumba, akanusa ile doa. Nilitaka kumuita, nikaogopa atachutama pale pale.

Akainua kichwa. Akaenda zake, akakunja kona ya nyumba, pole pole, sawa mama anaenda ku choo na hataki kuulizwa.

Mwenyi nyumba akamufuata. Siye wote tukamufuata. Akakuta ile pembe ya kufagiliwa, alama za ufagio, kisiki, na Tiyeni amechutama anatuangalia bila haya. Akaisha, akakuya kwangu kuomba ukoko. Sikukuwa nayo. Mayi Chikondi akaitoa mu mufuko ya nguo yake ya kanisa.

Mwenyi nyumba hakucheka. Alikohoa. Akarudia mbele, akagusa matofali ya ile njia na ncha ya kiatu. «Siku mutatoka,» akasema, «hii njia mutaipanda majani.»

Mayi Chikondi akasema, «Siku tutatoka, bwana, tutaipanda.»

Akafunga geti mwenyewe. Mayi Chikondi akashika ukuta, akashika mukono wangu, tukaikala ku ngazi bote wawili, na chai ile siku ilipikwa na yeye.

Nilikaa mule miaka. Gazon ya wakati ile tulikata na ile chuma ya kuzungusha, banaita silasha, kwetu kupekupe. Leo kuko mashine inakata na kelele, na batoto ba leo banaipenda sana, lakini mashine haione doa. Inapita juu ya manjano sawa inapita juu ya kijani. Mwenye kushika silasha ameinama chini, anaona. Kama bakikupa mashine, ichukue, lakini kwanza tembea na miguu.

Sasa magoti yangu haipande tena gari. Mayi Chikondi ananipigiaka telefone. Tiyeni amezeeka, mudomo imekuwa nyeupe, macho moja haione muzuri, na asubui ingine anasahau njia ya pembe, anasimama katikati ya gazon anangoja mutu amuoneshe. Mayi naye hawezi kushuka ngazi bila mutu. Anasemaka tu, «Jirani atanisaidia,» lakini Bambo Saizi alirudiaka Madisi, na mi ninajua sauti ya mutu mwenye haiko na jirani.

Niliongea ile maneno mbele ya mujukuu wangu Neema, mutoto wa Furaha, yeye anayeshonaka nguo na anapeleka kuuza ku soko ya Mchesi, kule Lilongwe. Sikumuomba kintu. Alikuwa anakata kitenge. Akaendelea kukata mpaka mwisho wa kitambaa, akaweka makasi chini, akaniambia, «Koko, kila nikienda ku mji nitaanzia kwa Mayi Chikondi mbele ya kwenda ku soko. Nitamushika mukono ashuke ngazi, na mbwa nitamupeleka ku pembe yake. Nitamungoja mpaka amalize, koko, hata kama soko itanipita.»